Kabla Uulize Kama Gemu ni ya Shetani, Uliza Ramani Ilichorwa na Nani

Anti yangu wa Donholm alinitumia sauti ya WhatsApp ya dakika nne wiki iliyopita. Mtoi wake wa miaka 10 ameona rafiki yake wa shule akicheza Pokémon GO, na sasa kila jioni anaomba simu "aende nayo nje kidogo." Anti ana mambo mawili yanamsumbua. "We kijana wa mitandao, niambie ukweli. Hizi si zile katuni za majini? Na tena, ni gemu gani ya simu inataka mtoto atoke nje ya geti?"

Hapo kwa majini nilicheka. Lakini hilo swali la geti limenikalia kichwani, kwa sababu ukifuatilia historia ya hizi gemu unapata kwamba wazazi, maseneta, hata polisi wa nchi kubwa walichelewa sana kuliuliza. Kwa hivyo wasee, kama uko na mdogo wako, ama wewe ndiye mtaalamu wa simu pale nyumbani ambaye kila mzazi anamuuliza maswali, keti hapa kidogo.

Tuanze mbali. Hadi mwaka 2000, serikali ya Marekani ilikuwa inaharibu mawimbi ya GPS makusudi. Setilaiti zilikuwa juu, vifaa vya kupokea vilikuwa madukani, lakini raia akitaka kujua yuko wapi, jibu lingekosea hata kwa mita 100. Mita 100 mtaani kwetu ni tofauti kati ya kwenu na ploti ya watu usiowajua kabisa. Usahihi wenyewe uliachiwa jeshi. Halafu mwanzoni mwa Mei 2000, kwa uamuzi wa Rais Bill Clinton, huo uharibifu ukazimwa, na ghafla kifaa cha mkononi kikaweza kukuonyesha mahali ulipo kwa mita 10 ama 20 hivi.

Unajua ilichukua muda gani watu wageuze hiyo kitu kuwa mchezo? Siku moja. Tarehe 3 Mei 2000, jamaa wa Oregon anaitwa Dave Ulmer alizika ndoo msituni, akaweka vitu vidogo vidogo ndani, kisha akaandika mahali ilipo kwenye intaneti: nendeni mtafute. Hapo ndipo geocaching ilizaliwa, na mpaka leo watu wanaicheza duniani kote. Mwaka uliofuata Sweden ikapata BotFighters, gemu ya SMS ambapo minara ya simu ilikuambia adui yako yuko karibu kiasi gani, na wewe unatoka kumtafuta mjini. Fikiria hiyo, 2001, simu za kabambe, na mtu mzima anapanda basi kumwinda mtu asiyemjua.

Hizo zilikuwa za watu wazima waliopenda vifaa. Hakuna mzazi alikuwa anaulizwa kitu.

Sasa sikiza upande wa wazazi, kwa sababu wao walikuwa na vita vyao. Mwaka 1993 Seneti ya Marekani iliketi kujadili Mortal Kombat na damu yake yote, na 1994 ikaanzishwa ESRB, bodi ya kubandika alama za umri kwenye gemu. Hiyo ndiyo akili ambayo karibu dunia yote ilirithi. Hata hapa kwetu, KFCB ikikuambia filamu ni GE, PG, 16 ama 18, inaangalia kilicho ndani ya skrini: damu, matusi, ngono, uchawi. Na Pokémon, iliyoanza kwa Game Boy kule Japani 1996, ilipimwa kwa kipimo hicho hicho. Makanisa mengine Marekani yalihubiri dhidi yake. Saudi Arabia iliipiga marufuku 2001. Yaani anti hayuko peke yake, amechelewa tu kama miaka ishirini na kitu.

Na kuna kitu hapa kinanifurahisha. Aliyeibuni, Satoshi Tajiri, alikuwa mtoto wa kukusanya wadudu vichakani pembeni mwa Tokyo. Mji ukakua, vichaka vikaisha, na yeye akataka watoto wa lami wapate ile raha ya kushika kitu, kukiweka kwenye kopo na kubadilishana na rafiki. Kama ulikulia ocha ukikimbiza panzi na kereng'ende, wewe ulicheza Pokémon kabla ya Pokémon. Kwa hivyo kuhusu majini, anti, nimekujibu.

Swali la geti ndilo refu.

Kampuni iliyotengeneza Pokémon GO inaitwa Niantic, na mwanzilishi wake ni John Hanke. Hanke si mtu wa katuni, ni mtu wa ramani. Alikuwa mkuu wa Keyhole, kampuni iliyonunuliwa na Google 2004 na programu yake ikawa Google Earth. (Keyhole iliwahi kupata pesa kutoka In-Q-Tel, mfuko wa uwekezaji unaohusishwa na CIA. Najua tayari kuna msee ameanza kutype kwa comments. Tulia, sijasema Pikachu ni jasusi.) Baadaye akasimamia idara ya ramani ya Google, na ni wakati huo, 2010, ndipo magari ya Street View yalipatikana yakinasa data za wifi za watu majumbani yakipita barabarani. Mwaka huo huo akaanzisha Niantic ndani ya Google.

Gemu yao ya kwanza kubwa ilikuwa Ingress, mwishoni mwa 2012. Pande mbili zinapigania vituo vilivyo mahali halisi: sanamu, maktaba, makanisa, michoro ya ukutani. Vituo vingi vilitoka kwa wachezaji wenyewe. Unapiga picha ya kitu, unatuma, kikikubaliwa kinaingia kwenye ramani. Wachezaji wa Ingress walikuwa watu wa aina gani? Watu wazima wa teknolojia, wenye simu nzuri, wenye muda wa kuzurura usiku. Wakaweka alama pale wanapopita wao.

Halafu tarehe 6 Julai 2016 Pokémon GO ikatoka Australia, New Zealand na Marekani, na vile vituo vya Ingress vikageuzwa PokéStop na Gym. Ramani iliyochorwa na wasee wa usiku ikapewa watoto. Hakuna mtu alikaa chini akauliza kama hapa ni pa mtoto wa miaka 8. Ukitaka kuelewa kila kitu kilichofuata, shika hiyo.

Na kilichofuata kilikuja mbio. Siku mbili tu baada ya gemu kutoka, msichana wa Wyoming aliyekuwa akiwinda Pokémon kando ya mto alikutana na maiti. Wikendi hiyo hiyo, polisi wa O'Fallon, Missouri, walishika vijana kwa wizi wa mabavu na wakasema gemu ilitumika kuwapata waathiriwa. Ujanja wenyewe ni rahisi. Kuna kitu ndani ya gemu kinaitwa lure, chambo. Mtu yeyote anaweza kukiweka kwenye PokéStop, Pokémon wanakusanyika hapo kwa nusu saa, na kila mchezaji wa karibu anaona kwenye ramani yake kwamba hapo pana uhondo. Jizungushe hiyo akilini. Ni kama mtu kuweka spika na peremende kwa kona ya giza, na ni gemu yenyewe inapiga mbiu. Makumbusho ya Holocaust kule Washington yakaomba watu waache kucheza ndani. Auschwitz ikaomba itolewe kwenye ramani. Bosnia, watu wa kutegua mabomu wakaonya wachezaji wasiingie maeneo ambayo bado yana mabomu ya ardhini ya vita vya miaka ya 1990. Iran ikafunga gemu yote mwezi wa Agosti.

Shirika la watoto la Uingereza, NSPCC, liliandikia Niantic kabla hata gemu haijafika kwao, likitaka usalama wa watoto ushughulikiwe kwanza. New York ikachukua njia yake: Agosti 2016 Gavana Andrew Cuomo aliagiza watu waliopatikana na makosa ya kingono na walio chini ya uangalizi wa serikali wazuiwe kucheza, baada ya maseneta wawili wa jimbo kuonyesha kwamba karibu na nyumba nyingi za watu hao kulikuwa na Pokémon ama vituo.

Hapa nina neno. Hiyo ya New York ilikuwa na kelele nzuri ya televisheni, lakini New York City ina vituo karibu kila kona. Ukichora nyumba za walimu wa hesabu utapata pia wamezungukwa na Pokémon. Hofu ya mgeni mbaya kichakani ndiyo inayouza habari, wakati watoto wengi wanaoumizwa huumizwa na watu wanaowajua. Kitu kilichoua watu hasa kwa sababu ya hii gemu hakikuwa mtu wa kichakani. Kilikuwa gari.

Oktoba 2016, mji wa Ichinomiya kule Japani, mvulana wa miaka 9 aligongwa na lori akivuka barabara akitoka shule. Dereva alikuwa anacheza Pokémon GO. Soma tena: mtoto hakuwa anacheza, dereva ndiye. Wiki chache baadaye Niantic ilikaza kikomo cha mwendo ili Pokémon wasitokee ukiwa kwa gari linaloenda. Na kule Indiana, Mara Faccio na John McConnell wa Chuo Kikuu cha Purdue walichukua ripoti za polisi za ajali za kaunti moja, wakalinganisha makutano yaliyo karibu na PokéStop na yale yaliyo mbali, kabla na baada ya gemu kutoka. Ajali ziliongezeka zaidi karibu na vituo.

Kwa hivyo mzazi anapouliza "mtoto wangu atacheza salama?", nusu ya jibu haiko kwa mtoto. Iko kwa barabara. Na sisi tunazijua barabara zetu: boda kwa njia ya miguu, matatu ikipanda ukingo kukwepa jam, kivukio cha wapita kwa miguu ambacho rangi ilifutika zamani. Alama ya umri kutoka Marekani haijui hiyo kona yenu. Haiwezi kuijua.

Kuna jambo lingine lilisemwa 2016 ambalo nadhani vijana wa Nairobi watalielewa bila maelezo. Omari Akil, Mmarekani mweusi, aliandika kwamba aliicheza dakika chache tu akagundua mwanamume mweusi anayezunguka zunguka mtaani, akisimama mbele ya majengo na kurudi alikotoka, anaweza kuitiwa polisi na asirudi nyumbani. Waandishi wa habari na watafiti pia walionyesha kwamba mitaa ya watu weusi ilikuwa na vituo vichache kuliko ya wazungu, kwa sababu gani? Wachezaji wa Ingress hawakuwa wanapita huko. Sasa fikiria kijana wa miaka 16 amesimama nje ya benki saa mbili usiku, ameinua simu, anatazama jengo. Jaribu kumwelezea askari kwamba kuna Snorlax hapo juu ya geti. Mzazi wa kijana mkubwa ana maswali tofauti na mzazi wa mtoto mdogo, na hilo sijaona likitajwa sana kwa miongozo ya wazazi.

Halafu data. Wiki ya kwanza tu mtafiti mmoja wa usalama aligundua kwamba ukiingia kwa iPhone na akaunti ya Google, gemu ilikuwa inaomba ruhusa kamili ya akaunti yako. Niantic ikasema ni kosa, ikarekebisha. Tarehe 12 Julai Seneta Al Franken akawaandikia barua akiuliza wanachukua nini hasa, hasa kwa watoto. Sheria ya Marekani ya tangu 1998 inataka ruhusa ya mzazi kabla ya kukusanya data ya mtoto chini ya miaka 13, na gemu ina njia ya kumfungulia mtoto akaunti yake ambapo mzazi anachagua anachoruhusu. Sisi pia tuko na sheria: kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinakataza kuchakata data ya mtoto bila idhini ya mzazi au mlezi, na lazima iwe kwa faida ya mtoto.

Sawa kabisa kwenye karatasi. Lakini tuambiane ukweli kuhusu vile watoi wetu hucheza. Mtoto hana simu. Anachukua ya mathe, na simu ya mathe iko na Gmail ya mathe, na gemu ikiuliza tarehe ya kuzaliwa inapewa yoyote ile. Kuanzia hapo gemu inaona mwanamke wa miaka 41. Vizuizi vyote vya mtoto vimezima. Marafiki wanaongezwa kwa kodi tu. Kuna zawadi ambazo marafiki hutumiana, na kila zawadi inabeba jina na mahali pa PokéStop ilipochukuliwa. Mtoto anayechukua zawadi kila siku kwa kituo kilicho nje ya shule yake na kuituma kwa rafiki asiyemjua ameshamwambia yuko wapi, bila kuandika neno. Tangu raid zije 2017 pia, Pokémon wakubwa wanahitaji kundi, na kundi huishia kwa magrupu ya WhatsApp, Discord na Telegram ambapo hakuna wa kuangalia umri wa mtu.

Na usidhani APK za bure zitakuokoa. Julai 2016 kabla gemu haijafika nchi nyingi, watu wa usalama walipata nakala yake imetiwa virusi vinavyompa mtu mwingine simu yako yote. Kenya iliipata rasmi mwishoni mwa mwaka huo. Leo nakala za ovyo ni zile za kudanganya GPS, ucheze ukiwa kitandani. Mtoto hatoki nje ya geti, mzazi anafurahi, na simu yenye M-Pesa ya familia imefunguliwa mlango wa nyuma.

Sasa usifikiri mimi nataka ifungwe. Utafiti uliochapishwa na jarida la BMJ Desemba 2016 ulipata kwamba watu wazima Marekani walioanza kuicheza waliongeza wastani wa hatua 955 kwa siku wiki ya kwanza. Kufikia wiki ya sita wakarudi walikokuwa. Unaweza kuisoma kama habari mbaya. Mimi naisoma kama habari ya kumtuliza mzazi: ile homa huisha, na ukiitumia vizuri unapata wiki kadhaa za kutembea na mtoto ambaye kwa kawaida hataki kuonekana na wewe mtaani. Tulipocheza brikicho na kati pale uwanjani, hakuna mzazi alisoma alama ya umri. Alijua uwanja, alijua nani anakaa wapi, na alijua saa kumi na mbili lazima uwe nyumbani.

Wenye nyumba Marekani waliokerwa na wageni kuruka ua walienda kortini, na makubaliano ya 2019 yakawapa njia ya kuomba kituo kiondolewe kikiwa ndani ya mita 40 za nyumba yao. Mimi hapo huona raha kidogo. Miaka mitatu ya mawakili ili kitu ambacho mama yeyote wa ploti angekisema kwa dakika moja kiandikwe: hapa si pa kuchezea.

Na ramani yenyewe imezidi kusafiri. Mwishoni mwa 2024 Niantic ilieleza jinsi inavyojenga mfano wa akili unde wa kuelewa mahali halisi duniani, ukitumia pia picha zilizopigwa na wachezaji waliokubali kuskani vituo. Mwaka 2025 ikauza gemu zake kwa Scopely, kampuni iliyo chini ya mfuko wa taifa wa Saudi Arabia, kwa dola bilioni 3.5. Ndiyo, Saudi ile ile ya marufuku ya 2001. Yaani maelezo uliyosoma ulipobonyeza "nakubali" yalikuwa ya mwenye nyumba wa zamani.

Nilimwambia anti asisome mwongozo wowote kwanza. Avae raba, afungue gemu mwenyewe, atembee saa nzima njia ambayo mtoto angepita. Akaenda Jumapili baada ya kanisa. Kituo kilichokuwa karibu kabisa kilikuwa ukuta wenye mchoro, ng'ambo ya barabara ya matatu, hakuna kivukio. Kingine kilikuwa ndani ya uwanja wa kanisa lao, geti lina mlinzi anayemjua mtoto kwa jina. Akanipigia akiwa bado barabarani. Tukamfungulia kijana akaunti ya mtoto kwa tarehe yake ya kweli, kadi ikatolewa Play Store, orodha ya marafiki ikabaki na binamu watatu. Wa ng'ambo ya barabara amekatazwa hata kama kuna Charizard. Uwanja wa kanisa ni ruhusa, na mkubwa akiwepo, mpaka saa kumi na mbili.

Juzi usiku sauti nyingine ikaingia, sekunde kumi tu. Kijana amelala, na anti anazunguka kompaundi na simu mkononi, anataka kujua kama yai la kilomita 10 linahesabu hatua za kwenda kuanua nguo.